Majina ya Waliokufa Vitani na Kuta za Makanisa Yetu

Tarehe 2 Novemba 1978, siku ambayo Wakatoliki huwaombea marehemu wote, Mwalimu Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba majeshi ya Idi Amin yameivamia ardhi yetu ya Kagera na kwamba kazi iliyobaki ni moja tu, kumpiga mvamizi. Kila mwaka, bahasha za marehemu zinapoanza kugawiwa katika jumuiya ndogo ndogo za parokia yetu hapa Mwanza, mambo hayo mawili hunijia kwa pamoja. Ndani ya bahasha hizo, kati ya majina ya wafu tunaowaombea, wamo vijana waliotoka Magu, Misungwi na Sengerema wakiwa mgambo au askari wa JWTZ, wakavuka Mto Kagera na wasirudi. Ukutani mwa kanisa letu, hata hivyo, hakuna jina la hata mmoja wao.

Bahasha hizo hukaa altareni mwezi mzima wa Novemba, na misa husomwa kwa ajili ya wote walioandikwa humo. Nauthamini sana utaratibu huo, lakini una udhaifu mmoja unaonisumbua: jina huandikwa na yule anayemkumbuka marehemu. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, katika jumuiya yetu alikuwa akimwandika kaka yake, aliyekuwa mgambo, mwaka hadi mwaka kwa mwandiko wake mwenyewe. Mama huyo alipofariki, wanawe waliliandika jina lake yeye, na jina la mjomba wao, ambaye hawakuwahi kumwona, likaacha kuandikwa. Hawakufanya kosa lolote. Ndivyo kumbukumbu inavyokatika pale inapobebwa na mtu mmoja.

Serikali imetimiza sehemu yake. Mashujaa wa vita hivyo wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka. Kule Kyaka magofu ya kanisa lililobomolewa vitani yangali yanaonekana. Lakini Kaboya iko ng'ambo ya ziwa, na ndugu wengi hawana nauli ya kufika huko. Hapa mjini, kisa cha ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin mwaka 1979, ikakusudia kuipiga Mwanza na mabomu yake yakaua wanyama kisiwani Saanane, husimuliwa hata na vijana. Nasikitika kwamba swala wa Saanane wanajulikana kuliko watu wa vijiji vyetu waliokufa katika vita hivyo hivyo.

Makanisa ya Uingereza yalikabiliwa na jambo linalofanana na hili baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Serikali yao ilikataza miili ya askari kurudishwa nyumbani, hivyo waumini wakachangishana na kuweka kanisani vibao vya mawe au shaba vyenye majina ya vijana wa parokia, ili mama asiye na kaburi la kuzuru awe na mahali pa kusimama. Majina hayo husomwa kila Novemba hadi leo, ingawa aliyewajua hayupo tena.

Wafu wetu wa vita hiyo hiyo hawakupata heshima hiyo. Kabla na baada ya Waingereza kuiteka Mwanza kutoka kwa Wajerumani mnamo Julai 1916, wanaume wa Usukuma na Unyamwezi walichukuliwa na majeshi ya pande zote kubeba chakula na risasi, na wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu kuliko risasi zenyewe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake, lakini haina jina la askari wala mpagazi yeyote.

Majina mengi ya wapagazi hayawezi kupatikana tena. Ya vita vya Kagera yanaweza, kwa kuwa wajane, kaka na dada wa marehemu wangali hai, na wenyeviti wa jumuiya wanazijua nyumba zao. Najua wako watakaouliza kwa nini askari apewe ukuta ilhali waliozama na MV Bukoba mwaka 1996 hawajapewa. Ni swali la haki, nami ningefurahi kuona majina yao pia. Ila hao wanalo kaburi Igoma, hapa hapa Mwanza, na ibada ya kumbukumbu huweza kufanyika pale bila mtu kusafiri.

Nimeiomba halmashauri ya walei ya parokia yetu ikubali kibao kimoja cha kawaida, kisicho na vyeo, chenye jina, kijiji na mwaka wa kufariki, na mwaka usiojulikana uachwe wazi. Mgambo aandikwe pamoja na askari, na mpagazi yeyote ambaye ukoo wake bado unalitaja jina lake aandikwe juu yao, kwa kuwa alitangulia. Wasomaji wa Ukerewe, Magu na Sengerema wenye majina ya ndugu zao naomba wayapeleke kwa makatekista wa vigango vyao kabla ya Novemba, hata kama kanisa lao bado halijaamua kuweka kibao.