Nilivyorudisha utando kwenye maziwa ya Madoa

Agosti mwaka jana bibi mmoja hapa Ipuli, Tabora mjini, anayegandisha maziwa ya ng'ombe wangu Madoa ili apate samli, aliniita pembeni. "Mwanangu, utando wa maziwa yako umekuwa kama karatasi. Umeanza kutia maji?"

Iliniuma sana, maana sijawahi kutia hata tone. Nikaazima laktomita, kifaa cha kupima kama maziwa yametiwa maji, kwa bwana mifugo, ikasoma 30. Ningetia maji mengi ingeshuka chini ya 28. Basi maziwa yalikuwa halisi, kilichopungua ni mafuta.

Kosa lilikuwa langu. Majani yalikuwa yamekauka tangu Juni, nami nikajaza hori pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kutoka mashine ya karibu. Mashudu yale hayakukamuliwa vizuri, ukiyafinya mafuta yanabaki vidoleni. Niliamini ng'ombe akila mafuta atayatoa kwenye chuchu. Na Madoa alipanda kutoka lita 9 hadi 11, nikafurahi.

Bwana mifugo alipofika hakuuliza habari za maziwa. Alikaa kwenye ndoo, akamtazama Madoa akicheua, akahesabu: kila tonge alilitafuna mara thelathini na kitu tu, badala ya hamsini au zaidi. Kinyesi nacho kilikuwa laini kama uji, na punje za mahindi ndani yake.

Akanieleza. Vijidudu vya tumboni vikimeng'enya nyuzinyuzi za majani hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na kiwele huitumia kutengeneza sehemu kubwa ya mafuta. Pumba zikizidi, tumbo huchachuka, na kwa kuwa kucheua kumepungua, mate ya kupoza uchachu ule hayatoshi. Hapo ndipo mafuta ya alizeti yanapoharibu mambo: katika tumbo lililochachuka vijidudu huyageuza kuwa aina ya mafuta inayokizuia kiwele kutengeneza mafuta yake. Hili la mwisho ndilo lililonishangaza zaidi.

Nilipunguza mashudu na pumba kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Nikanunua majani makavu ya karanga na mabua ya mahindi, nikayakata vipande vya kama urefu wa kidole, si unga. Asubuhi Madoa anaanza na majani, pumba baadaye, nazo nimezigawa mara tatu kwa siku.

Kila jioni nilijaza maziwa kwenye chupa ya kioo iliyonyooka, nikaiacha mahali pa baridi hadi asubuhi, kisha nikapima utando kwa rula. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Wiki ya tatu ukafika karibu mara mbili ya ule wa mwanzo. Maziwa yalishuka hadi lita 9 na nusu, na nimeridhika nayo, kwa sababu wanunuzi wangu wengi wanataka samli.

Bibi alirudi Septemba. Alitumbukiza kijiko kwenye chupa, akakiinua, akatazama utando ukining'inia, akaniambia nimjazie lita mbili.

Mwaka huu nilianza kukata majani Aprili, mvua zilipokuwa zinaisha, nikayaanika na kuyaweka darini juu ya banda.