Kwa nini mabinti zetu hawachoki kuwa maprinses

Kila mara namsikia mtu anasema besidei za prinses zimepitwa na wakati, watoto wa saivi wana mambo mengine, halafu mabinti wa kwenye ukoo wetu wakiulizwa wanataka besidei ya namna gani jibu ni lile lile. Prinses. Gauni la neti lililofutuka, taji, puto za pinki na zambarau, keki ya doli. Mie ndo shangazi ninayetumwa Kariakoo kutafuta hivo vitu na kwakweli naipenda hii kazi, kwahiyo leo naomba niwatetee.

Wengi wanaamini hamu yote hii imepandikizwa na Disney, ile kampuni ya Marekani ya filamu za katuni. Biashara ni kubwa mno, hilo sibishi, ila angalia ilivyoanza. Snow White ilitoka 1937, Cinderella 1950, na miaka yote hiyo kila mmoja aliuzwa kivyake, mpaka kwenye mwaka 2000 hivi ndo wakaunganishwa kuwa kundi moja la maprinses. Aliyelianzisha, Andy Mooney, alikuwa bosi wa bidhaa pale Disney, akaenda kwenye onyesho lao la kuteleza kwenye barafu huko Phoenix, Marekani, akawakuta watoto wa kike kwenye foleni wamevaa kiprinses kuanzia juu mpaka chini na nguo zenyewe wala siyo za Disney, ni za kuungaunga tu. Yaani watoto na mama zao walishaanza zamani, kampuni ikafuata nyuma.

Na sisi tulishaanza. Kabla taji la plastiki halijafika sokoni tulikuwa tunacheza bi harusi, unachukua kanga ya mama unajifunika kichwani, nyingine unaifunga kiunoni inaburuzika, wenzio wanakushikia pindo huku wanapiga vigelegele, uani kote mnazunguka. Bwana harusi hakuwepo na hakuna aliyemuulizia.

Hapo ndo wanaozipinga hizi besidei huwa sielewani nao. Wanasema tunawafundisha mabinti kukaa wakisubiri mwanaume aje awaokoe. Kwenye zile hadithi za zamani hoja hiyo ina uzito, nakubali. Lakini njoo kwenye sherehe yenyewe uangalie, huyo prinsi yuko wapi? Kwenye bango hayupo, kwenye kadi hayupo, na ile keki ambayo doli anachomekwa katikati mpaka kiunoni halafu keki yenyewe ndo inakuwa gauni, sijawahi kuona fundi keki akichomeka na mwanaume pembeni. Hata Elsa wa Frozen, ambaye tangu filamu yake itoke 2013 watoto hawamwachi, anakuwa malkia na hana mume.

Mtoto wa kike wa miaka mitano siku zake nyingi ni kuambiwa tu. Kaa vizuri, nyamaza, mpishe mgeni akae, kamletee babu maji. Siku ya besidei anakaa kwenye kile kiti kikubwa cha kukodi, kile kile cha kwenye sendofu, watu wazima wanamuimbia kata keki tule, na babu mwenyewe anasimama kwenye foleni anasubiri alishwe keki kwa kile kidole kidogo, na nani aanze anaamua yeye. Nimemuona mtoto ambaye hata shikamoo haitoki mpaka asukumwe, alipovalishwa gauni akaanza kupita meza hadi meza anawauliza wageni kama wameshakula!

Kinachoniuma ni sura. Sahani, vikombe, puto, karibu vyote ninavyokutana navyo vina prinses mwenye nywele za njano. Tiana, prinses wa kwanza mweusi wa Disney, alikuja 2009, zaidi ya miaka 70 baada ya Snow White, na vitu vyake navitafuta duka kwa duka sivipati. Kwenye besidei ninazosimamia mimi wigi la njano sikubali. Mtoto anasukwa twende kilioni, taji linawekwa juu, na linashika vizuri hata akiruka.

Halafu jamani, prinses wa kweli tunaye. Salme binti Said, mtoto wa sultani wa Zanzibar, alizaliwa 1844 kwenye kasri la Mtoni, Unguja, na kitabu cha maisha yake alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886 kina mambo mengi ya utotoni, kupanda farasi, bustani, ndugu wengi wasiohesabika, na jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri kwa kuigiza herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana mabinti walifundishwa kusoma tu. Najua kasri lile liliendeshwa na watumwa, hilo nalo nitawahadithia wakikua kidogo. Nilipomsimulia binti wa kaka yangu habari ya ule mfupa aliniganda, anataka kujua ngamia tunampata wapi.

Sasa ameshatangaza, mwezi wa nane anatimiza saba na anataka besidei ya Prinses Salme. Keki nimeshapata mtu. Kama unamjua fundi wa Unguja au hapa Dar anayeshona kanzu ya kike ya zamani na suruali yake ya marinda kwa saizi ya mtoto, niambie bei yake na kazi inachukua siku ngapi.