Leseni ya Udereva

Juzi binti yangu kaniuliza, macho hayajabanduka kwenye simu: "Baba, 'awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo', yaani huko ofisini wanagombana au?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikaniishia, maana sentensi hiyohiyo niliwahi kuiandika mimi.

Nilikuwa natafuta mtunza stoo. Aliyekuwepo aliacha kazi ghafla, nami nikapewa siku moja tangazo liwe limetoka. Nikafungua faili la tangazo la zamani, la afisa masoko, nikabadilisha cheo pale juu na kuongeza madoido. Shahada ya kwanza. Uzoefu usiopungua miaka 5. Mwenye kujituma, ajuaye kompyuta (kujua nini kwenye kompyuta, sikusema). Leseni ya udereva ilikuwa ya yule afisa masoko. Ikabaki humo, sikuiona. Mshahara nikauita "mnono". Colorado, kule Marekani, tangu 2021 sheria inamtaka mwajiri ataje kiwango cha mshahara kwenye tangazo lenyewe. Ningekuwa huko, hilo neno lingenitia matatani.

Karatasi nikampa kijana mmoja akaibandike ubaoni. Alikuwa kibarua wetu, na kwa miezi 7 ndiye aliyekuwa akimsaidia mtunza stoo. Tangu mzee aondoke, funguo zote alikuwa nazo yeye. Akaibandika kwa pini nne, moja kila pembe, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama imenyooka. Kisha akaanza kusoma. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama anavyohesabu maboksi: kidole kinashuka, midomo inacheza. Penye shahada kikapita. Penye miaka 5 kikapita. Penye leseni kikasimama.

"Bosi, kwani stoo imepata gari?"

Nikamwambia hapana, ni utaratibu tu.

"Haya," akasema. Akainyoosha pini iliyokuwa imepinda, akarudi zake stoo.

Maombi yalikuja, bahasha kwa bahasha. La kwake halikuwemo, nami nikajiambia kazi haitaki. Tukamwajiri mwenye shahada, na mkataba wa kijana ulipokwisha akaenda zake. Yule msomi hakumaliza miezi miwili, wala simlaumu. Tangazo lilimwahidi "kusimamia mnyororo wa ugavi". Alichokikuta ni kuhesabu maboksi na kubishana na madereva yanapopungua.

Wiki mbili nikashika funguo mwenyewe. Tangazo la pili niliandika na vumbi likiwa bado mikononi: utapokea mzigo kuanzia saa mbili asubuhi, utauhesabu kabla hujasaini, mwisho wa mwezi utahesabu stoo nzima, na hesabu isipolingana na leja utatafuta mpaka ujue kosa liko wapi. Shahada nikaifuta. Leseni nikaifuta. Mshahara nikauandika kwa tarakimu. Wakubwa wakazikata na kuurudisha "mnono" wao.

Maombi yakaja machache kuliko mara ya kwanza, ila waombaji walijua wanaomba nini. Nikampigia kijana. Alikuwa ameshapata kazi kwingine.

"Nilijua mnataka mtu wa shahada na leseni, bosi," akasema, bila kinyongo chochote. Sikumwambia kwamba ile leseni hakuna aliyeitaka.

Basi nikamuuliza binti yangu, hiyo nafasi anaomba au haombi?

"Wametaka vitu nane. Mimi ninavyo sita."

"Tuma," nikamwambia. "Pengine hivyo viwili aliyeandika alivisahau tu humo."

Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na kama kweli wanavitaka?"

Nikabaki nikiiangalia simu yake, namtafuta aliyeandika.