Usikate Kona

Binti wa dada yangu ameuliza kwenye kundi letu la WhatsApp: "Desemba tunaenda wapi, na wai-fai ipo?" Nikacheka, kisha nikaikumbuka safari ya Murchison, hifadhi ya wanyama na maporomoko ya Nile huko Uganda. Kila mtu alikuja na masharti yake, isipokuwa Jaja, bibi yetu. Yeye alinijibu tu, "Mtakapokwenda, nami nipo."

Safari ya ukoo naipanga kuanzia vyoo, vivutio baadaye. Kutoka Bombo tulisimama kila baada ya saa mbili, maana miguu ya wazee huvimba kwa kukaa. Magoti ya Jaja hayachuchumai, hivyo nyuma ya kosta tulibeba kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, na jerikeni ya lita 5 kwa kunawa na kutawadha. Adhuhuri na Alasiri ziliswaliwa pamoja, kama msafiri anavyoruhusiwa, tukapunguza kituo kimoja. Kosta ilikuwa ya viti 28 nasi hatukuijaza: viti vilivyobaki ndivyo kitanda cha watoto. Wazee niliwaweka mbele ya magurudumu ya nyuma, kwa kuwa benchi la mwisho hurusha watu kwenye kila tuta. Wanaotapika walikaa dirishani, macho mbele, tumbo lisiwe na chai ya maziwa.

Insulini ya Mjomba ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wengi huitupa kwenye barafu, na insulini ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka. Tuliifunga kwenye taulo, ndani ya kontena la baridi, mbali na vipande vya barafu, na kila tuliposhuka, ilishuka nasi. Gari lililofungwa juani ni tanuri.

Njia za kwenda hifadhini ni mbili: tulipitia Karuma, hatukupitia Masindi. Masindi ina msitu wa Budongo, sikatai, lakini nilitaka lami ndefu na geti la hifadhi la Tangi, upande wa kaskazini wenye twiga na tembo. Mbung'o hupenda nguo nyeusi na za buluu iliyokoza. Nilizipiga marufuku wiki nzima kabla, na vijana wote wakaja na jinzi. Pale Karuma tulifunga madirisha kwa ajili ya nyani, ambao wanajua kufungua mfuko wa mandazi kuliko mtoto wa miaka mitatu.

Jioni ilikuwa inaingia tulipoona kibao cha Tangi. Dereva akapunguza mwendo. Jaja, nyuma yake, akamgusa bega.

"Usikate kona. Nenda mbele."

"Mama, loji iko huku."

"Najua. Nenda mpaka darajani."

Hakuna aliyebishana. Mwaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka, Jaja alitoka Bombo akavuka Nile hapo Pakwach kuelekea Arua, na Mjomba mgongoni. Hayo tuliyajua sote kama watu wanavyojua habari za nyumbani: bila kuziuliza.

Darajani gari haliruhusiwi kusimama, na picha hazipigwi. Jaja alishuka kabla ya kizuizi. Kosta ikavuka kutusubiri ng'ambo. Askari mmoja akatusogelea.

"Mama, hapa hakuna kusimama."

"Sisimami, mwanangu. Natembea."

Na akatembea. Mkongojo mkono wa kulia, Mjomba mkono wa kushoto, mimi nyuma na mkoba wake. Malori yakipita, vyuma vilitetema, naye alikuwa anangoja mtetemo uishe ndipo ainue mguu. Hakutazama mto. Alitazama kingo za daraja, chuma kwa chuma, kama anayekagua nyumba aliyoipangisha. Katikati alimwambia Mjomba, "Ulikuwa mzito." Mjomba, mtu wa kilo tisini na zaidi, akasema, "Samahani, Mama." Tukacheka sote, hata askari, ambaye nadhani hakusikia vizuri. Upande wa pili nilimuuliza kama anataka kupumzika. Akataka samaki.

Alinunua angara wa kukaushwa, fungu kubwa, na kosta nzima ikanuka hadi mwisho wa safari. Ilibidi tumfunge samaki huyo kwa mifuko mitatu na kumlaza chumbani, kwa sababu nyani wa loji wana pua.

Tulifika getini tukikimbizana na giza. Usiku magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini. Chakula nilichoagiza kiwe mezani saa kumi na mbili na nusu kilichelewa, na Mjomba akakaa na sindano yake mfukoni hadi sahani ilipowekwa mbele yake. Asingesubiri, sukari ingeshuka vibaya.

Kesho yake tulipanda boti ya Paraa. Kwenda na kurudi ni karibu saa tatu, na boti ndogo hazina choo, basi wazee walikunywa chai nusu kikombe. Vijana walishuka chini ya maporomoko wakapanda mlima kwa miguu. Sisi wengine tukarudi na boti. Viboko, mamba, tembo, vyote vilikuwepo. Nilimuuliza Jaja ameyaonaje maporomoko. "Yana kelele," akasema.

Tangu hapo, kwenye ratiba zangu naacha alasiri moja wazi, bila jina. Sina hakika inafaa kitu: mara nyingi watu wanalala tu, na watoto wanalalamika. Mjomba anasema ni pesa ya kosta inayoungua bure. Namjibu kwamba dereva analipwa kwa siku, si kwa saa.