Mnyiri wa Pweza si Mkono wa Kawaida

Anayeutazama mnyiri wa pweza huku akiufikiria mkono wa binadamu hukosa karibu kila jambo la ajabu lililomo ndani yake. Mkono wetu hushikiliwa na mifupa na hungoja amri ya ubongo; mnyiri hauna mfupa hata mmoja, na sehemu kubwa ya fahamu za mnyama imo humo humo. Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo zimo katika minyiri yake minane. Ndiyo maana mnyiri uliokatwa huendelea kwa muda kujikunja na kukwepa kinachouumiza.

Kinachonivutia kuliko yote ni namna unavyosogea. Misuli yake mingine imelala kwa urefu, mingine inakatiza kwa upana, na mingine inazunguka kwa mshazari. Kwa kuwa ujazo wa nyama hiyo haubadiliki, misuli ya upana inapojikaza mnyiri hauna budi kurefuka. Ile ya urefu ikijikaza upande mmoja tu, huku ya upana ikiuzuia usifupike, mnyiri hupinda, na ile ya mshazari huusokota. Pweza anapopeleka chakula mdomoni anaweza hata kuunda kiwiko cha muda, kisha kikatoweka mara kazi inapokwisha. Vikombe vya kunatia vilivyopangana chini ya mnyiri navyo huonja kila vinachogusa.

Ngisi na dome wana minyiri minane kama hiyo, pamoja na mingine miwili mirefu yenye vikombe kwenye ncha tu, ambayo hufyatuliwa kunasa windo kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Hata wataalamu wakubwa walitatizwa na viungo hivi. Mwaka 1829 Georges Cuvier, mwanazuolojia Mfaransa, aliuelezea mnyiri wa uzazi wa dume la agonauti (aina ya pweza), ambao hukatika na kubaki ndani ya jike, akidhani ni mnyoo wa kimelea. Naona kosa hilo linaeleweka kabisa, kwani kipande kama hicho huweza kuendelea kujongea baada ya kukatika.

Kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, licha ya jina lake, hana undugu wa karibu na pweza. Ndani ya kila mkono wake mna tezi za kumeng'enyea chakula na viungo vya uzazi, kwenye ncha mna jicho sahili, na chini yake kuna safu za miguu midogo laini inayoendeshwa kwa shinikizo la maji. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika baadhi ya spishi za jenasi ya Linckia, mkono mmoja uliokatika huweza kuotesha mwili mzima mpya, ukianza na vichipukizi vinne vidogo kwenye jeraha.