Mhasibu alipopanda lori

Kampuni yetu ya usafirishaji hapa Kurasini, Dar es Salaam, iliponunuliwa na wenzetu wa Afrika Kusini, Tume ya Ushindani, inayokagua kampuni zinapoungana, ilipitia makaratasi na kutoa kibali. Kazi ya kuaminiana tuliachiwa wenyewe. Wao kila kitu ni barua pepe, hata mtu akiwa meza ya pili. Sisi tunamfuata mtu, tunasalimiana, ndipo tunaingia kwenye mzigo. Wakatuona wavivu, tukawaona wana kiburi. Hata watengenezaji magari Daimler-Benz wa Ujerumani na Chrysler wa Marekani waliungana 1998 na kuachana 2007, tena wale walikuwa na uwezo mkubwa kuliko sisi.

Kilichotusaidia, kwa maoni yangu, ni mhasibu wao mmoja. Madereva walikuwa wanakatwa posho kontena likichelewa kutoka bandarini. Siku moja mhasibu huyo alipanda lori na dereva wetu, wakakaa kwenye foleni hadi mchana, jua kali, dirisha wazi, wakinunua maji kwa vijana wa barabarani. Aliporudi aliandika mwenyewe kuomba makato yafutwe, na yakafutwa. Madereva hawakusema mengi, ila sasa wakikwama wanampigia yeye kwanza.

Naomba wakubwa wa makao makuu nao wakija wapande lori.