Nyumbani kwanza, ndipo mjini

Neno la juma hili: "Nitakwenda kwa unyofu wa moyo ndani ya nyumba yangu. Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu." (Zaburi 101:2-3)

Wapendwa, zaburi hii ni ya mtawala. Mstari wa mwisho, wa nane, ndio unaosema habari za kuwaondoa watenda uovu katika mji wa BWANA. Ila kabla hajafika mjini, mfalme amepita sebuleni kwake. Sisi tunaupindua mpangilio huo. Msimu wa korosho ukifika na hela za mnada zikiingia, Masasi, Newala, Tandahimba hadi Nachingwea maungo mapya ya televisheni yanaota juu ya mabati na simu mpya zinaingia mifukoni. Haupiti muda, lawama zinaanza: TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, imelala, televisheni zimeharibika.

Kanuni zipo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake za maudhui zinamtaka mtangazaji asirushe vipindi vya watu wazima kabla ya saa tatu usiku. Wengi wetu tunalijua hilo nusu tu. Ikishapita saa tatu, kituo kinachorusha filamu ya wakubwa hakijavunja kanuni hiyo ya saa. Kuanzia hapo mzigo ni wa mzazi, na kama mtoto bado yuko macho mbele ya kioo, mlango uliobaki wazi ni wa kwako.

Kisha kuna jambo ambalo mafundi wa ungo hawatuambii. Chaneli ya nje inafuata saa ya kwao. Saa tatu usiku ya India ni saa kumi na mbili na nusu jioni kwetu, wakati watoto ndio kwanza wanatoka kuoga. Na vijijini televisheni moja inaangaliwa na mtaa mzima. Watoto wa jirani waliokaa kwenye mkeka wako ni amana yako mpaka waondoke, hata kama hukuwaalika.

Basi tuishike rimoti. Bonyeza menyu, ingia kwenye mipangilio, tafuta udhibiti wa wazazi, mara nyingi una alama ya kufuli. King'amuzi kitadai namba ya siri. Ving'amuzi vingi vinatoka kiwandani na 0000 au 1234, na hapo ndipo kazi inapoharibika: baba anafunga chaneli, namba anaiacha ileile, na mtoto wa darasa la nne anaifungua kwa kubahatisha mara mbili. Badilisha namba kwanza, ndipo ufunge. Tena usitegemee kufuli ya umri peke yake. Inasoma alama ya umri inayotumwa na kituo pamoja na kipindi. Kituo kisipotuma alama, kufuli haina cha kusoma na kipindi kinapita. Chaneli unayoitilia shaka ifunge yote. Fundi akikirudisha king'amuzi kwenye hali ya kiwandani, namba na kufuli vinafutika, kwa hiyo akishaondoka angalia upya. Matangazo ya filamu yanayopachikwa katikati ya taarifa ya habari hayafungiki kwa namba yoyote. Hapo dawa ni mtu mzima kukaa sebuleni.

Simu ni kazi ndefu zaidi. Kwenye YouTube iko hali yenye mipaka, ndani ya mipangilio. Inaficha video nyingi za wakubwa pamoja na maoni, lakini inawashwa kwenye kila simu peke yake. Kuiwasha kwa baba hakumlindi anayeshika simu ya mama. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha, na uzuie zisionekane kwenye galari. Bila hivyo, video chafu iliyorushwa kwenye kundi la harusi inajihifadhi yenyewe, na mtoto anaikuta akitafuta picha za ubatizo.

Kuhusu kufungia, tuseme ukweli. Mwaka 2018 BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na TCRA walizuia nyimbo kadhaa zisipigwe redioni na kwenye televisheni. Redio zilitii, kilichokwisha kuingia kwenye simu kiliendelea kurushwa kutoka mkono hadi mkono. Kufungia kunasaidia, ila kunafika pale tu mkono wa kituo unapofika. Tena tuwe na kiasi tunapoomba kitu kifungiwe. Kipindi kinachomkera mwenye madaraka kwa kuuliza maswali magumu hakijamharibu mtoto. Maadili ya familia yasigeuzwe pazia la kufichia habari.

Kosa la kweli likitokea, kwa mfano matusi au tendo la chumbani saa moja jioni, lalamika kwa namna inayofanyiwa kazi. Andika hapohapo jina la kituo, tarehe, saa na dakika, jina la kipindi na maneno au picha iliyokosewa. Malalamiko ya "juzi usiku walionyesha upuuzi" hayachunguziki. Peleka kwanza kwa kituo chenyewe, tena mapema, kwa kuwa vituo havitunzi rekodi milele. Wasipojibu, peleka TCRA, ambako iko Kamati ya Maudhui.

Kibanda cha video ni habari nyingine. Filamu zinakaguliwa na Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya 1976, lakini muvi iliyonakiliwa kwenye flashi kwa mia tano haijapita kwa mkaguzi yeyote. Kabla ya kwenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, wazee wawili wa jumuiya wamwone mwenye kibanda mchana, akiwa hana wateja. Wamwombe mambo mawili: watoto wa shule wasiingie jua likishazama, na spika igeuzwe isielekee njiani. Huyo naye ana watoto, na wengine wako darasa moja la mafundisho na wa kwetu.